CBR600F ya 2002 inachakacha upande wa kulia: nianze wapi kabla ya kushusha injini?

Swali. Nimenunua Honda CBR600F ya mwaka 2002, ile ya sindano badala ya kabureta, iliyoletwa kutoka Uingereza. Dashi inasoma 26,000. Injini ikishapata moto inachakacha upande wa kulia, tangu ikiwa inaunguruma yenyewe mpaka mizunguko 3,500 hivi, halafu sauti inapotea. Nikiwa nyutro kuna mlio mwingine unaokatika nikibana klachi. Nikivuka tuta nimeshika breki, mbele kunagonga "tok". Nyuma kuna "kwi, kwi" inayokwenda na mwendo. Fundi mmoja anasema injini imekwisha, ishushwe. Mwingine anasema niweke oili nzito ya 20W-50, itatulia. Nimsikilize yupi? (Msomaji, Dar es Salaam)

Jibu. Ndugu yangu, kwa sasa usimsikilize hata mmoja. Ulivyoeleza, una sauti nne zinazotoka sehemu nne tofauti, na katika hizo ni moja tu inayoweza kuiua injini. Hiyo moja haihitaji injini ishushwe. Inahitaji kifaa kimoja cha ukubwa wa kidole gumba, gasketi yake, na mtu mwenye subira.

Nianze na oili, maana ushauri huo umeharibu pikipiki nyingi nzuri. Oili nzito huweka utando mnene kati ya chuma na chuma, kwa hiyo mgongano unasikika kwa mbali. Kilicholegea kinabaki kimelegea, ila wewe umeziba masikio. Asubuhi injini ikiwa ya baridi, oili hiyo pia huchelewa kupanda juu kwenye kamshafti, shafti inayofungua vali, na hapo ndipo chuma husagika zaidi. Injini hii inataka 10W-40 yenye alama ya JASO MA au MA2 kwenye kopo. Alama hiyo ina maana kubwa, kwa sababu klachi ya pikipiki hii inaogelea ndani ya oili ileile ya injini. Oili ya gari yenye maneno "Energy Conserving" au "Resource Conserving" ina dawa ya kulainisha inayofanya klachi iteleze: unavuta moto, resi zinapanda, mwendo hauongezeki. Kama hujui muuzaji aliweka oili gani, mwaga yote, badilisha na filta, ndipo uanze uchunguzi. Usiitupe ile uliyoimwaga, tutaihitaji.

Jambo la pili ni ile 26,000. Angalia kwa makini pembeni ya tarakimu kama zinahesabu maili au kilomita. Pikipiki ya Uingereza kwa kawaida huhesabu maili, na maili 26,000 ni karibu kilomita 41,800. Tofauti hiyo inabadilisha kila kitu, kwa sababu Honda inataka nafasi za vali, yaani mwanya mdogo kati ya kamshafti na kikombe cha vali, zikaguliwe kila maili 16,000. Kama namba yako ni maili na huna karatasi ya ukaguzi huo, hesabu kwamba haujawahi kufanyika.

Sikiliza mdundo kabla ya kushika spana

Sauti ya chuma huwa na bwana wake. Ama inafuata mizunguko ya injini, ama inafuata mwendo wa gurudumu, ama inakuja pale tu unapoongeza au kupunguza mzigo. Ukimjua bwana wake umeshaondoa nusu ya pikipiki kwenye orodha ya washukiwa.

Tafuta barabara tupu, nenda kilomita 60 kwa saa, bana klachi na uache injini irudi chini. Sauti ikibaki na kupungua taratibu kadiri mwendo unavyopungua, iko kwenye cheni ya nyuma, magurudumu au breki. Ikifa pamoja na resi, iko kwenye injini. Kipimo hiki hakigharimu hata senti, na mafundi wengi hukiruka.

Kwa sauti za injini, chukua bisibisi ndefu ya mpini mgumu. Weka ncha kwenye chuma, mpini ukandamize kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Gusa kifuniko cha vali, kisha ubavu wa kulia wa silinda, kisha kifuniko cha klachi, kisha chini kwenye krenki kesi. Pale sauti inapoingia sikioni kama mtu anayegonga mlango, ndipo ilipo. Funga mikono ya shati na ukae mbali na feni ya rejeta, inaweza kuwaka yenyewe wakati wowote.

Kasi ya mdundo nayo inasema mengi. Injini hii ikiunguruma yenyewe inatakiwa kuwa kwenye mizunguko 1,300 kwa dakika, zaidi au pungufu kwa 100. Hapo krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, inazunguka karibu mara 22 kwa sekunde, lakini kamshafti inazunguka nusu yake, karibu mara 11. Vali moja iliyolegea hulia "tik-tik-tik" ambayo sikio linakaribia kuihesabu. Kinachogonga kwenye krenki kinakwenda haraka mara mbili, na ni kizito zaidi.

Mchakacho wa kulia: tensiona ya cheni ya taimingi

Maelezo yako ya sauti ya kwanza yanaelekea moja kwa moja hapa. Cheni inayotoa nguvu kwenye krenki na kuzungusha kamshafti mbili imepita upande wa kulia wa silinda. Kwa mbele cheni hiyo inavutwa, kwa nyuma inalegea, na kazi ya tensiona ni kusukuma reli ya nyuma ili ulegevu huo usiwepo. Ndani yake kuna springi iliyoviringwa kama ya saa ya kale. Springi inazungusha kiparafujo, kiparafujo kinasukuma kidole nje. Cheni ikirefuka kwa kuchakaa, kidole kinatoka zaidi, na kikishatoka hakitakiwi kurudi. Springi ikichoka, au nyuzi za parafujo zikilika, kila cheni inapopiga nyuma kidole kinarudi ndani kidogo. Ugonjwa huu ni maarufu sana kwenye CBR600 za kizazi hiki.

Kwa nini sauti inapotea juu ya 3,500? Kwa sababu chini ya hapo kila mlipuko wa silinda unaivuta cheni kwa mshtuko, halafu unaiachia, na cheni inapigapiga kwenye reli. Resi zikipanda milipuko inasogeleana, mvuto unakuwa laini, cheni inatulia. Kwa hiyo kutoweka kwa sauti si dalili ya kupona, ni tabia yenyewe ya ugonjwa huo. Na kutokea injini ikishapata moto kunafuata mantiki hiyohiyo: silinda za aluminiamu zinatanuka, oili inakuwa nyepesi, kila kilicholegea kinasikika.

Hatari yake ni moja na ni kubwa. Cheni ikilegea sana inaweza kuruka jino kwenye sproketi ya kamshafti, na kwenye injini ya aina hii vali na pistoni hazina nafasi ya kukosana. Zikikutana, vali zinapinda, na hapo ndipo maneno ya yule fundi wa kwanza yatakuwa kweli.

Kuthibitisha ni hivi. Toa plastiki ya ubavu wa kulia, tafuta tensiona nyuma ya silinda upande huohuo: kidude cha aluminiamu kilichoshikwa na bolti mbili ndogo, katikati yake bolti ya tatu inayoziba tundu. Kabla ya kugusa chochote, toa kifuniko cha tundu la taimingi upande wa kulia, zungusha krenki kwa mkono kufuata mshale wa saa mpaka alama ya T ilingane na alama ya kesi. Kuanzia hapo krenki isiguswe. Pikipiki isisogezwe hata kidogo.

Toa bolti ya katikati. Ndani utaona mchirizo wa kuingiza bisibisi bapa nyembamba. Ukiuzungusha kufuata saa, kidole kinarudi ndani. Ukiachia, springi inatakiwa kukirusha nje kwa nguvu. Rudisha kidole ndani, kizuie kwa kipande cha bati ulichokata kwa umbo la T, ndipo ufungue bolti mbili na kuichomoa. Ikiwa mkononi, toa kile kizuizi uache kidole kitoke chote, halafu kisukume kwa gumba kama unavyobonyeza kengele ya mlangoni. Kidole cha tensiona isiyo na ubovu hakiingii hata milimita. Kikiingia, hata kwa ukakasi, umempata mgonjwa wako. Ukiona pia inatoka kwa kusuasua au inakwama njiani, hukumu ni hiyohiyo.

Usiitanue springi ili "kuiongezea nguvu". Itapiga kazi wiki mbili na kukuacha barabarani. Nunua mpya ya Honda pamoja na gasketi yake. Zipo pia tensiona za kukaza kwa mkono, zenye bolti ndefu na nati ya kufungia. Zenyewe haziwezi kurudi nyuma, na watu wa mashindano wanazipenda, lakini zinamtaka mwenye sikio: ukikaza kupita kiasi reli ya plastiki inalika na cheni inavuma kama nyuki, ukilegeza mchakacho unarudi. Kwa pikipiki ya kwenda kazini na safari za mwisho wa wiki, ningeweka ya kujikaza yenyewe.

Kufunga ni kinyume cha kufungua. Bolti hizo ni za M6 na zinaingia kwenye aluminiamu: Newton-mita 10 hadi 12 zinatosha, zaidi ya hapo unatoka na nyuzi mkononi. Ukishakaza, toa kizuizi, utasikia kidole kikiruka na kukaa. Kisha, na hili lisirukwe, zungusha krenki kwa spana mizunguko miwili kamili, rudi kwenye alama ya T. Kama kuna mahali inagoma, simama, usilazimishe. Ikizunguka laini, washa.

Sauti ikibaki ilevile na tensiona ni mpya, basi cheni yenyewe imerefuka au reli zimelika. Hapo fungua kifuniko cha vali, weka alama ya T mahali pake, uangalie mistari ya IN (kuingiza) na EX (kutoa) kwenye sproketi za kamshafti. Inatakiwa iwe sawasawa na uso wa silinda hedi. Ikiwa imechelewa kidogo kwa pande zote mbili, cheni imenyooka kwa uzee.

Mlio wa nyutro unaokatika ukibana klachi

Huu usikunyime usingizi. Kikapu cha klachi kina springi ndogo za kumeza mshtuko, na zikilegea kidogo kinachakacha pale injini inapounguruma yenyewe bila mzigo. Ukibana klachi, kikapu kinapata mkandamizo na kunyamaza. Honda nyingi za silinda nne hulia hivyo maisha yao yote.

Ila kabla ya kuukubali, angalia mambo mawili. Injini ikiunguruma chini ya 1,200, kila kikapu kitalia. Pandisha hadi 1,300. Halafu vali za kuwashia zilizoko kwenye mfumo wa sindano (vali ndogo za hewa, si zile za silinda) zipatanishwe kwa geji za vakyumu ili silinda zote nne zivute hewa kwa kiasi kimoja. Silinda moja ikivuta zaidi ya mwenzake krenki inakwenda kwa mitikisiko, na klachi ndiyo inayopiga kelele kwa niaba yake. Kazi hiyo ni ya saa moja kwa fundi mwenye geji, na mara nyingi mlio hupungua hadi ukausahau.

Vali: ogopa zilizonyamaza

Hukuniuliza kuhusu vali, lakini kwa umri wa pikipiki hiyo lazima niziseme. Watu wengi huogopa vali inayolia. Vali inayolia ina nafasi kubwa, inapoteza nguvu kidogo, inapiga kelele, haifi. Inayotakiwa kuogopwa ni ile iliyonyamaza, kwa sababu kwenye injini za resi za juu kiti cha vali kinalika, vali inapanda juu, na nafasi inabanwa kidogo kidogo. Ikifika sifuri, vali haifungi sawasawa, moto wa silinda unapenya ukingoni na kuichoma. Dalili ya kwanza siyo sauti: ni kuwaka kwa shida injini ikiwa ya moto, na kuunguruma kunakoyumba.

Nafasi zinazotakiwa ni milimita 0.20 kwa vali za kuingiza na 0.28 kwa za kutoa, kila moja ikivumilia 0.03 juu au chini. Zinapimwa injini ikiwa ya baridi kabisa, chini ya nyuzi 35. Kwa Dar es Salaam hilo lina maana ya kupima alfajiri, injini ikiwa imelala usiku kucha kivulini. Ukipima saa nane mchana pikipiki ikiwa imetoka juani, namba zako ni za kujidanganya.

Kurekebisha kunafanyika kwa shimu, kidonge cha chuma kilichokaa chini ya kikombe cha vali. Honda inatengeneza unene 69, kuanzia milimita 1.200 hadi 2.900, kila hatua 0.025. Hesabu yake ni nyepesi: chukua nafasi uliyopima, toa nafasi inayotakiwa, ongeza unene wa shimu ya zamani. Tuseme vali ya kuingiza imepima 0.14 na shimu iliyomo ni 1.850. Ni 0.14 kutoa 0.20, ongeza 1.850, unapata 1.790. Shimu ya karibu ni 1.800, na ukiiweka nafasi itakuwa 0.19. Ipo ndani ya kiwango. Pima shimu ya zamani kwa maikromita, usiamini namba iliyoandikwa juu yake, maana nayo huwa imelika.

Kupima mtu makini anaweza kujifanyia nyumbani kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya. Kutoa kamshafti ni jambo jingine: bolti za vishikizo vyake zilegezwe kwa zamu, robo mzunguko kila moja, la sivyo kishikizo kinapasuka. Na vishikizo hivyo vimechongwa pamoja na silinda hedi, haviuzwi peke yake.

Kuna "tik-tik" moja inayofanana kabisa na vali, nayo ni moshi unaovuja kwenye gasketi za ekzosi. Inasikika zaidi asubuhi na kupungua chuma kikitanuka. Tafuta masizi meusi pale mabomba manne yanapoingia kwenye silinda hedi. Gasketi nne na dakika arobaini, umemaliza.

Sauti ambayo ukiisikia unazima hapohapo

Ni "ko-ko-ko" nzito, ya tumboni, inayotoka chini ya injini na kuongezeka unapovuta moto ukiwa kwenye gia. Hiyo ni beringi ya koni-rodi, fimbo inayounganisha pistoni na krenki. Kwa maelezo yako sioni dalili yake, kwa sababu sauti yako inapotea resi zikipanda, na ya koni-rodi haina adabu hiyo. Hata hivyo jiridhishe kwa ile oili uliyoimwaga. Ipitishe kwenye kitambaa cheupe mchana wa jua. Ungaunga wa kijivu unaong'aa kwa mbali ni wa kawaida kwenye klachi na gia. Vipande unavyoweza kuviokota kwa kucha si vya kawaida. Pitisha sumaku: vinavyonata ni chuma, vimetoka kwenye gia, cheni au beringi za mipira. Visivyonata, vyenye rangi ya fedha au shaba, vimetoka kwenye beringi za krenki na koni-rodi. Kata na filta ya zamani kwa msumeno, kunjua karatasi yake, uisome hivyohivyo.

Tensiona mpya ikishafungwa, jaribu na gia ya pili. Kwenye mwinuko, vuta moto kwa nguvu ukiwa gia ya pili. Ikiruka na kurudi kwa kishindo, meno ya kuungia ya gia hiyo yamechongoka, mara nyingi kwa mikono ya mtu aliyeendesha kwa gurudumu moja. Hapo injini inafunguliwa kati, hakuna njia ya mkato.

Nyuma: "kwi, kwi"

Chora mstari wa chaki kwenye tairi, mwingine kwenye kiungo kimoja cha cheni. Inua gurudumu la nyuma kwa stendi, injini imezimwa, weka nyutro, zungusha kwa mkono. Sproketi ya nyuma ina meno 46 na cheni ina viungo vya zaidi ya mara mbili ya hapo. Sauti ikija kila mzunguko mmoja wa tairi, tatizo ni la gurudumu: diski, pedi, beringi au sproketi. Ikija baada ya tairi kuzunguka mara mbili na ushee, ni kiungo kimoja cha cheni kilichokauka au kuganda. Usiweke vidole kati ya cheni na sproketi hata kwa sekunde, na usifanye kazi hii injini ikiwa inawaka. Watu wamepoteza vidole hapo.

Pima kuchakaa kwa cheni kwa rula ya chuma. Hii ni namba 525, pini hadi pini milimita 15.875. Ikivutwa ikanyooka, viungo 20 ni milimita 317.5 ikiwa mpya. Ikisoma 320 hivi, nunua seti nzima: cheni na sproketi zote mbili. Cheni mpya kwenye sproketi zilizochongoka kama mapezi ya papa itakwisha kabla ya mwaka. Pima sehemu tatu au nne, kwa sababu cheni hairefuki sawasawa kote.

Ulegevu unapimwa katikati ya cheni ya chini, pikipiki ikiwa kwenye stendi ya ubavuni. Kibandiko kwenye swingamu, mkono unaoshika gurudumu la nyuma, kinataja kiasi, na kwa pikipiki hii ni milimita 25 hadi 35, ukipima pale cheni inapobana zaidi. Wengi hapa kwetu wanaikaza kama waya wa umeme wakidhani ndiyo usalama. Swingamu ikishuka na kupanda kwenye matuta, cheni iliyokazwa inavuta shafti ya gia, na kwanza inakufa beringi iliyoko nyuma ya sproketi ndogo. Beringi hiyo iko ndani ya injini.

Kama ukivuta moto baada ya kuuachia unasikia kishindo kimoja nyuma, shika sproketi ya nyuma na uizungushe mbele na nyuma gurudumu likiwa limezuiwa. Ikicheza waziwazi, mipira ya kumeza mshtuko ndani ya habu imekauka. Gurudumu likiwa nje, kishikilia sproketi kinatakiwa kitoke kwa kuvutwa kwa nguvu. Kikidondoka chenyewe, nunua mipira mipya. Vipande vya tyubu ya baiskeli vinaweza kujaza nafasi kwa muda, lakini usivigeuze kuwa matibabu.

Mbele: "tok" kwenye tuta

Washukiwa ni watatu na wote hulia wakati uleule: beringi za shingo ya usukani, bushi za shokapu, na pedi za breki zinazocheza kwenye kalipa. Kaa juu, bana breki ya mbele, tikisa pikipiki mbele na nyuma. Sasa mwambie mwenzako aweke kidole pale fremu inapokutana na daraja la chini la shokapu, nusu kwenye fremu, nusu kwenye daraja. Kama shingo imelegea, kidole kitahisi vyuma viwili vinaachana na kurudiana, hata kama macho hayaoni. Kisha ahamishie kidole pale bomba la ndani linapoingia kwenye la nje, kisha kwenye pedi. Diski zako zimeshikwa na vipini vinavyoelea, kwa hiyo kugonga kidogo hapo ni kawaida.

Ikiwa ni shingo, inua mbele hadi tairi lielee na ugeuze usukani polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Ukihisi unatumbukia kishimoni pale katikati, njia za mipira zimeshachimbika. Kukaza hakutaponya, kutaficha mlio na kuifanya pikipiki iwe nzito kunyoosha, ikiyumba kwenye mwendo mdogo. Badilisha beringi zote mbili, juu na chini. Kama hakuna kishimo ila kuna ulegevu, kukaza tu kunatosha, na ukimaliza usukani unatakiwa uanguke pande zote kwa uzito wake.

Beringi hizo hapa mjini huuawa na maji ya presha kuliko barabara. Kijana wa kuosha akielekeza bomba kwenye shingo na kwenye habu za magurudumu, maji yanapita mihuri na kufukuza grisi. Mwambie aoshe maeneo hayo kwa ndoo na kitambaa. Unapoinua magurudumu, shika kila tairi juu na chini ulitikise; likicheza, beringi zake ziende. Namba imechongwa ubavuni mwa beringi yenyewe. Nunua zenye mpira pande zote mbili, zilizoandikwa 2RS.

Ukiwa hapohapo chini, soma tarakimu nne za mwisho za DOT ubavuni mwa tairi. 2214 ni wiki ya 22 ya mwaka 2014. Tairi lenye umri huo linaweza kuwa na kashata nzuri na bado likawa gumu kama soli ya kiatu. Usilipandie kwenye lami yenye maji.

Mpaka tensiona mpya ifike, pikipiki ibaki imelazwa. Usiiwashe kila jioni kuwasikilizisha marafiki, na usiwaruhusu kuisukuma iwake. Zaidi ya yote, usiirudishe nyuma ikiwa kwenye gia, hata hatua mbili za kuitoa ukutani. Krenki ikizungushwa kinyume, upande uliokuwa umelegea ndio unaovutwa, kidole dhaifu kinarudi ndani, na cheni inapata nafasi ya kuruka jino injini ikiwa imezimwa kabisa. Weka nyutro, kisha isogeze.